Adui Hutoka Kulia

Siku Ghazwan mwana wa Shnawa alipomwua Khayun wa ukoo wa Jandil, Khayun alikuwa ameketi juu ya zulia nyumbani kwa mama yake, ng'ambo ya mfereji, na chai yake ilikuwa imepoa mbele ya magoti yake. Nasema alimwua kwa sababu hivyo ndivyo wao wenyewe walivyonena, na muda si mrefu Basra nzima ikanena vivyo hivyo. Kila mmoja wao alikuwa na simu mkononi na hedifoni masikioni, na ndani ya simu hizo palikuwa na kisiwa, na juu ya kisiwa hicho watu wenye silaha waliwindana mpaka abaki mmoja tu. Ghazwan alikuwa hodari wa mauaji hayo, ijapokuwa bunduki ya kweli hakuwahi kuishika ila harusini, kwa kuipiga hewani.

Khayun alizingirwa ndani ya nyumba isiyo na mlango wa nyuma, na risasi zikamwishia. Mchezo ule huchukua sauti za wanaoucheza, hata wenzake wote na wenzake Ghazwan walikuwa wakisikiliza. Akasema, "Ghazwan, sina hata risasi moja. Nimeingia kwako."

Maneno hayo kwetu hayasemwi ovyo. Mtu akikuambia ameingia kwako, hata awe amemwua ndugu yako asubuhi ile ile, umekwisha kuwa ukuta wake. Utamlisha na kumlaza, na atakaye kumdhuru sharti apite kwanza juu ya maiti yako. Wapo wazee waliozikwa makaburini mwetu ambao waliwalinda wauaji wa watoto wao kwa ajili ya maneno hayo, wakawafikisha salama mpakani, ndipo wakarudi nyumbani kulia.

Ghazwan alicheka. "Umeingia wapi, mwana wa mwuza barafu?" akasema. "Ingia kaburini." Kisha akampiga risasi ya uso.

Mmoja wa wasikilizaji alikuwa amezinasa sauti zile, na kabla ya sala ya magharibi zilikuwa zimekwisha kuzunguka katika simu za mji. Watu walizisikiliza kwa vinyozi na sokoni, wakarudia tena na tena pale pa kaburini, wakacheka. Watu wa Jandil hawakucheka. Mzee wao, Haji Thamir, mwenye kiwanda cha barafu kando ya mfereji, hakuwa na simu ya namna ile; walimwekea sikioni, akasikiliza akiwa amefumba macho. Akauliza kama sauti ya kwanza ni ya Khayun, mwana wa ndugu yake. Wakamwambia ndiyo. Akauliza kama ya pili ni ya mwana wa Shnawa. Wakamwambia ndiyo. Kijana mmoja akajaribu kumweleza kwamba kile ni kisiwa cha kuchorwa tu, hakuna aliyekufa. Mzee akamjibu, "Kisiwa ni cha kuchora. Kinywa kilichoomba ni cha nyama, na kilichokataa ni cha nyama."

Ghazwan alikuwa na kaka, jina lake Mizban, naye alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Mizban alipigana Mosul, akarudi bila vidole viwili vya mkono wa kushoto na bila maneno mengi. Baba yao alikuwa amekufa zamani. Kila alasiri, mwenye mashine ya mtaa alipowasha jenereta, Mizban alikwenda katika duka la Lafta, akaketi juu ya benchi mbele ya televisheni nene yenye mgongo, akacheza gemu moja lile lile. Mashine ilikuwa ya zamani, plastiki yake imegeuka rangi ya siagi, na kanda ya mchezo sharti ipulizwe kwanza ndipo ishike. Mwanajeshi mdogo, asiyezidi ukubwa wa kidole gumba, alikimbia kutoka kushoto kwenda kulia, akiruka na kupiga risasi. Adui walitoka kulia, wakapigwa, wakametameta kidogo, wakatoweka. Hapakuwa na damu wala maiti. Mwanajeshi akiguswa mara moja, hufa, na mchezo huanza upya.

Vijana waliokuja dukani kucheza mambo mapya katika televisheni bapa walimdhihaki. Ghazwan ndiye aliyezidi. Alipenda kusimama nyuma ya benchi na kumwambia, "Kaka, gemu hilo bibi yetu alilimaliza akiwa na mimba ya baba." Mizban aliendelea kucheza. Siku moja Lafta, mtu mpole, mnene, aliyekuwa ametafuta kanda nyingine nyingi ili kumpendeza, alimwuliza kwa nini hataki jambo jipya hata kwa kulionja. Mizban akasema, bila kugeuka, "Hawa hawasemi." Lafta alidhani ni mzaha, akacheka kwa adabu.

Habari ya kisiwa ilipomfikia Mizban, hakucheka wala hakugomba. Alikwenda kwa ami yake, Sharhan, ndugu wa baba yao, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa nyumba, akamshauri wachukue wazee wawili au watatu, wavuke mfereji jioni ile ile, wakaombe radhi kabla watu wa Jandil hawajakasirika hata kushindwa kurudi. Sharhan alikuwa akila mkate na malai ya nyati. Alifuta masharubu akauliza iwapo ni kweli anaambiwa avae joho lake, akapige magoti kwa wauza barafu, kwa sababu ya simu. Falah, mwanawe, kijana mcheshi aliyependwa na mtaa mzima, akasema watakapokwenda wabebe na chaja. Wakacheka wote, naye Mizban akaondoka.

Siku ya pili yake, saa ya joto, watu wa Jandil walikuja kubisha. Hivyo ndivyo tunavyoita: mwenye madai huja na bunduki mbele ya nyumba ya mdaiwa, akapiga risasi ukutani na getini, juu ya vichwa vya watu, ili iwe onyo kwamba asipoketi kwa suluhu yatakuja makubwa kuliko hayo. Pikapu zao ziliziba njia pande zote mbili. Rashasha iliyofungwa juu ya mojawapo ikafumua tangi la maji la darini, ikakata waya za umeme, ikachana geti la chuma kama karatasi. Umm Mizban, mama yao, alikuwa amelala chini sebuleni akiwakumbatia majirani wawili waliokuja kuazima sufuria, na vioo vilimnyeshea mgongoni. Jokofu likatobolewa, na maziwa yakatiririka sakafuni mpaka mashavuni mwao.

Wasio na akili ndio wanaosimama wakati wa kubishiwa, maana risasi hupigwa juu. Falah alikuwa na akili, ila alikuwa na simu pia. Alipanda darini, akasimama nyuma ya tangi lililokuwa likimwaga maji, akainua mkono kupiga picha za pikapu. Risasi ilipita ndani ya tangi, ikatokea upande wa pili, ikampata chini ya jicho. Walipomfikia, maji yalikuwa bado yakimwagika juu yake, yameiosha damu yote, hata alionekana kama mtu aliyelala bafuni. Na simu ilikuwa bado inapiga picha za mbingu.

Watu wa Jandil hawakujua kama wameua mpaka waliposikia vilio. Wakaondoka upesi, bila kupiga honi.

Walimzika Falah siku hiyo hiyo. Makaburini Sharhan hakulia. Alimtazama Ghazwan kwa muda mrefu mno, hata watu wakaona haya, na Ghazwan, ambaye uso wake ulikuwa umevimba kwa kulia, akajificha nyuma ya kaka yake. Tangu saa ile Mizban alifahamu jambo lililokuwa mbele yake. Mtu mmoja alikuwa amekwisha kufa kwa ajili ya kicheko cha ndugu yake. Wa pili, kama hakuwa mwangalifu, angekuwa ndugu yake mwenyewe, ama kwa mkono wa Jandil, ama kwa mkono wa ami.

Wafiwa walipokuwa bado wamekaa matanga, Mizban alikwenda dukani kwa Lafta. Wengi walimlaumu kwa hilo, na mimi siwezi kusema lilikuwa jambo la heshima. Alipuliza kanda, akaketi. Hakuwa amefika mbali Sharhan alipoingia na bunduki mkononi na vumbi la kaburi miguuni, Ghazwan akimfuata. Vijana wa televisheni bapa wakaweka padi chini, wakaondoka mmoja mmoja.

Sharhan alimtazama mwanajeshi mdogo akiruka na kuanguka. Kisha akaigeuza bunduki, akaitwanga televisheni kwa kitako chake. Kioo kikapasuka kwa mlio mkubwa, moshi ukatoka, na kipande kikamkata Mizban juu ya nyusi. Hakusogea. Damu ilimshukia jichoni, naye akaiacha.

"Umewaua wangapi humo?" Sharhan akauliza. "Jeshi zima la doli. Mwanangu yuko ardhini, na mwanamume pekee wa nyumba hii aliyewahi kuona vita anacheza na doli."

Mizban akamwambia, kwa upole, kwamba hatakwenda. Sharhan akauliza kama mkono wake mzima nao umekatika. Ndipo Mizban akasema maneno ambayo hakuwa ameyasema kwa mama yake, wala kwa daktari wa jeshi.

"Mosul alikuwako mtu, ami. Alitoka kifusini, mkono mmoja juu, mwingine ndani ya kanzu. Akaniambia, Nimeingia kwako. Nikamwambia, Umeingia. Wenzangu walitaka kumpiga, nikawaambia washushe bunduki, wakashusha kwa neno langu. Mkono wa ndani ulikuwa umeshika waya wa bomu." Akaiweka padi mapajani. "Wenzangu niliwaokota kwa ndoo. Kwa hiyo nacheza na hawa. Wanatoka kulia siku zote. Hawaombi kitu. Hakuna hata mmoja atakayeniambia neno nikalazimika kuchagua."

Lafta, aliyekuwa amesimama nyuma ya kaunta, aliinamisha kichwa. Lakini huzuni ya Sharhan ilikuwa changa, na huzuni changa haisikilizi ya mwingine.

"Vizuri," akasema. "Usije. Kesho saa ya joto tunakwenda kiwandani kwao, na huyu atapanda pikapu ya kwanza, asimame mbele ya rashasha, maana yeye ndiye aliyevianza vita hivi. Tuone mdomo wake unazuia risasi ngapi."

Ghazwan akamtazama kaka yake. Kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha.

Mizban akauliza bunduki yake iko wapi.

Alikubali kwa sharti moja, naye Sharhan akalipokea kwa ulimi: wangepiga mitambo na magari, barafu yote iyeyuke, na mtu asiuawe. Ghazwan angekaa nyuma ya Mizban na kufanya atakaloambiwa, basi. Lakini walipofika kiwandani kesho yake, jua likiwa kichwani na njia hazina hata mbwa, Sharhan aliruka chini kabla gari halijasimama, akampiga risasi ya kifua mtu aliyekuwa akisukuma mkokoteni wa barafu langoni. Alikuwa binamu wa Khayun, jina lake Rahim. Alianguka juu ya mzigo wake, na barafu ikaanza kuwa nyekundu, kwanza juu, kisha ndani, katika nyufa zake.

Baada ya hapo hapakuwa na sharti. Watu wa Jandil walikuwa wametazamia jambo, na bunduki zao zilikuwa nyuma ya madirisha. Wanne wa upande wetu walilala chini ya pikapu, matairi yakipasuka juu ya masikio yao. Mmoja akapigwa nyongani, akawa anamwita mama yake kwa jina, si kwa kusema mama. Vipande vya barafu viliruka vikakata nyuso za watu kama vioo. Kisha risasi ya mtu, haijulikani ya nani, ikatoboa bomba la mitambo, na ile hewa chungu inayogandisha maji ikafoka nje, nyeupe, ikajaa ukumbi wote. Watu walikohoa na kutapika huku wakiendelea kupiga risasi, macho yao yamefumbwa.

Ghazwan alikuwa ameitupa bunduki. Alikuwa amepiga magoti, anatapika, akirudia kwamba hawezi kuona. Mizban akamshika ukosi, akamburuta nyuma ya mitungi ya chuma, akamwambia akae hapo, asiinuke hata akiitwa na baba yake aliye kaburini. Kisha akaingia ndani zaidi kutafuta mlango wa nyuma wa kumtolea.

Mwisho wa ukumbi palikuwa na ghala la chumvi. Alipolikaribia, risasi moja ilitoka ndani, ikapenya mbao za mlango, ikamchoma sikio. Mikono yake ikafanya kama ilivyofundishwa: akapiga mlango ule ule, usawa wa kiuno, kutoka kushoto kwenda kulia. Mtu akaguna ndani. Kitu kikaanguka. Kisha kimya, na mlio wa hewa ikifoka.

Katika gemu la Lafta mambo huishia hapo. Aliyepigwa hutoweka.

"Risasi zimekwisha," sauti ikasema nyuma ya mlango. "Nimeingia kwako."

Mizban aliifahamu sauti ile. Basra nzima iliifahamu, ilikuwa imesikilizwa kwa kila kinyozi. Hata maneno yalikuwa yale yale, ila sasa yalitoka kwa shida, na hapakuwa na wa kucheka. Akausukuma mlango kwa mguu.

Khayun alikuwa ameketi kati ya magunia ya chumvi, miguu imenyooshwa, bunduki yake mbali naye. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake. Mkono mmoja ulikuwa juu. Mwingine ulikuwa ndani ya shati.

Mizban akasimama mlangoni. Wale wasiojua waliuliza baadaye kwa nini alichelewa, lakini mimi nadhani hakuwa tena Basra. Alikuwa mbele ya kifusi kile, na watu wake walikuwa nyuma yake wakingoja neno. Machozi ya ile hewa chungu yalimfanya asione vizuri. Aliona tu kitambaa, na mkono uliofichwa ndani yake.

"Toa mkono," akasema.

"Siwezi."

"Toa mkono, nakuambia. Nitakupasua kichwa."

"Nikiutoa," Khayun akasema, "matumbo yatatoka. Umenipiga tumboni, ndugu yangu."

Huenda ilikuwa kweli, huenda ilikuwa waya. Kidole cha Mizban kilikuwa kimekwisha kuvuta nusu ya njia. Kumpiga kungekuwa salama, na hakuna ambaye angemlaumu. Hata watu wa Jandil wasingejua kilichosemwa mle, maana safari hii hapakuwa na wasikilizaji. Alikuwapo peke yake, na neno lilikuwa limesemwa kwake.

Akashusha bunduki. "Umeingia," akasema. Akafumba macho akangoja.

Hakuna kilicholipuka. Alipoyafumbua, Khayun alikuwa amekiegemeza kichwa guniani, na damu ilikuwa ikipita kati ya vidole vyake na kuingia katika chumvi. Mizban akavua shati lake, akapiga magoti, akauondoa mkono ule polepole, akaweka wake.

Hivyo ndivyo Sharhan alivyowakuta. Alikuwa amepoteza kilemba, na kifua chake kilikuwa kimelowa damu isiyokuwa yake. Nyuma yake alikuja Ghazwan, akishika ukuta, macho mekundu. Alikuwa amemfuata ami kwa sababu hakuvumilia kubaki peke yake. Sharhan alipomtambua aliyelala guniani, akatabasamu, na lilikuwa jambo baya kulitazama.

"Ondoka hapo," akamwambia Mizban.

"Ameingia kwangu, ami."

"Falah aliingia kwa nani? Falah hakupewa hata nafasi ya kusema." Akainua bunduki. "Ondoka, mwanangu. Sitaki kukuumiza."

Mizban hakuwa na wakati wa kuokota silaha yake, wala nadhani hakutaka. Mkono wa kushoto ulikuwa umeliziba tumbo la Khayun. Akaunyoosha wa kulia, ule mzima, akaufunika mdomo wa bunduki kwa kiganja chake, akamtazama ami yake usoni.

Sharhan akavuta.

Risasi ilipita kiganjani, ikachukua mifupa na vidole vyake, ikazama katika gunia juu ya kichwa cha Khayun, na chumvi ikaanza kumwagika mabegani mwao wote wawili na kuingia vidondani. Mizban akapiga yowe moja. Mkono wa kushoto haukutoka pale ulipokuwa.

Kabla Sharhan hajavuta tena, Ghazwan alimrukia mgongoni. Alikuwa kijana mwembamba, hakujua kupigana, alimwuma ami yake shingoni kama mbwa, akamwangusha, akainyakua ile bunduki, akampiga kwa kitako taya na bega, akampiga tena hata alipokuwa ameacha kujitetea, huku akilia na kusema, "Amemwambia ameingia. Hukusikia? Amemwambia ameingia." Angemwua, kama kaka yake asingemwita kwa jina.

Walimtoa Khayun kupitia ukumbini, Ghazwan akimshika mabega, Mizban akitembea kando yake na mkono wa kushoto ungali tumboni mwake, na ule wa kulia ukining'inia. Risasi zilikuwa zikipigwa bado. Watu wa Jandil walipomwona Mizban, uchi kifuani, mweupe kwa chumvi, akipaza sauti kwamba huyu ni mgeni wake na asiguswe, waliacha kupiga, mmoja baada ya mwingine. Wetu nao wakaacha. Gari lililompeleka hospitali lilikuwa la Haji Thamir mwenyewe.

Suluhu ilifanyika joto lilipopungua, katika ukumbi wa matete wa sheikh asiyekuwa wa upande wowote. Vikombe vya kahawa vilimiminwa, vikawekwa mbele ya wageni, na hakuna aliyekigusa chake mpaka maneno yaishe. Damu ya Falah na damu ya Rahim, ambao ndio peke yao waliokufa, zilipimwa, zikaonekana sawa, na baba zao wakashikishwa mikono. Sharhan alitoa wake kama mtu anayetoa jino. Likabaki lile la kwanza, la kisiwa. Wenye elimu wawili watatu walitaka lifutwe, kuwa ni upuuzi wa simu. Haji Thamir alikataa liitwe upuuzi. Alisema neno lilikataliwa na mdogo wa Shnawa, likapokelewa na mkubwa wake, kwa mkono wake, na yeye amekwenda hospitali akauona mkono huo. Hadai kitu. Lakini aliyecheka hawezi kukaa ng'ambo ya mfereji akiwatazama. Wakakata shauri kwamba Ghazwan ahame Basra, aende mji wa Amara kwa wajomba zake, asirudi mpaka atakapoitwa. Ghazwan alikubali kabla hajaulizwa. Ndipo wakanywa kahawa, nayo ilikuwa imepoa.

Alipokuwa akipanda gari, alimpa kaka yake simu yake. Mizban akaitia mfukoni bila kuiwasha.

Sharhan hajamsalimu Mizban hata leo. Wakikutana njiani, Mizban husimama, humwamkia kwa heshima, ami naye hupita, taya lake limepinda. Sidhani kama mmoja wao amekosea.

Lafta alitafuta televisheni nyingine nene, akaipata, ndogo kidogo, yenye mstari wa kijani juu usioondoka. Akapuliza kanda mwenyewe, akaiweka padi juu ya benchi, akajitia kupanga bidhaa. Mizban alikuja alasiri, kama zamani. Mkono wa kulia ulikuwa umeishia kifundoni. Aliiweka padi mapajani, na kwa gumba la kushoto akamwendesha mwanajeshi mbele, lakini vifungo vya kuruka na kupiga viko upande wa kulia, na mwanajeshi alikwenda akagusana na adui wa kwanza, akafa. Akaanza upya. Akafa. Vijana wa televisheni bapa hawakumdhihaki. Aliendelea hivyo siku nyingi, na Lafta hakujua la kufanya.

Alasiri moja mtu aliingia akitembea kwa kuinama, mkono umeshika tumbo kwa mazoea. Vijana walimtambua, wakampisha. Khayun alimsalimu Lafta, akaenda kwenye benchi, akaketi upande wa kulia wa Mizban, karibu, hata mabega yakagusana. Akatazama kwa muda jinsi mwanajeshi anavyokwenda na kufa. Kisha akanyoosha mkono, akaweka vidole vyake juu ya vifungo viwili.

Mizban hakugeuka. Alianza mchezo upya, akasukuma kwa gumba lake.

"Wanatoka wapi?" Khayun akauliza.

"Kulia," Mizban akasema. "Siku zote kulia."